Kabla Hujaitupa Karatasi ya Kipimajoto

Wateja wanaokuja dukani kutafuta kipimajoto huwa na maswali mawili: ni shilingi ngapi, na kinapima haraka? Ukishawajibu hayo wanalipa, wanalifungua boksi hapohapo, wanachomoa kile kijiti cheupe na kukitia mkobani. Boksi na karatasi ya maelekezo wananiachia mimi kaunta. Siwashangai. Karatasi yenyewe imekunjwakunjwa hadi imekuwa nene kuliko kifaa, maandishi ni madogo, na lugha ni Kiingereza na Kichina, ukibahatika na Kiarabu.

Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Morogoro, na mchana jua likiwa kali na wateja wakiadimika, nazisoma hizo karatasi. Nimezisoma nyingi sasa, na naona kwenye boksi la kipimajoto cha kielektroniki mambo yamepangwa kinyume. Yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, kama "sekunde 10" na "hakiharibiwi na maji", ni ya kukuvutia ununue. Yale ya kukusaidia kujua kama namba uliyoipata ni ya kuaminika yamefichwa ndani, na mengine hupita kwenye kioo kwa sekunde mbili tu yakapotea.

Tuanze na hizo sekunde mbili, maana ndizo zinazodharauliwa kuliko zote.

Bonyeza kitufe. Kioo kitajaa ghafla: utaona 188.8 na kila alama ambayo kifaa hicho kinaweza kuonyesha, zote zimewaka kwa pamoja. Hapo kinajikagua, na wewe unatakiwa ukikague pia. Kila tarakimu kwenye kioo huundwa na vijistari saba. Kijistari kimoja kikifa, tarakimu inageuka nyingine bila kukuomba ruhusa. Chukua 9, uiondolee kijistari cha juu upande wa kulia: unabaki na 5. Maana yake mtoto mwenye nyuzi 39.2 atasomeka 35.2, nawe utamfunika blanketi mtoto anayeungua. Ndiyo sababu wanaanza na nane tupu. Nane ndiyo tarakimu pekee inayotumia vijistari vyote saba, kwa hiyo ikiwa na pengo utaliona. Kwa vipimajoto vingi vya bei yetu hii, ukaguzi wa nane ndio ukaguzi pekee ambao kifaa hukufanyia waziwazi, na sijawahi kumwona mteja akiutazama.

Nane zikipotea, inakuja namba yenye herufi M pembeni. Hiyo ni kumbukumbu, kipimo cha mwisho ulichopima. Kuna mama alinirudishia kipimajoto akiwa amekasirika kweli: "Dada, hiki kibovu. Kinaandika thelathini na nane nukta nne kabla hata sijamwekea mtoto." Kilikuwa kinamwambia cha jana usiku. Kumbukumbu hiyo ina kazi nzuri sana, nitairudia huko chini, ila usipoijua inakutia hofu ya bure.

Kisha kinaandika "Lo", na alama ya °C inaanza kupepesa. Wengi wanadhani betri imekwisha. Hapana. Betri ikiwa chini kuna alama yake, mara nyingi kichoro kidogo cha betri kwenye kona. "Lo" maana yake ncha iko chini ya kiwango ambacho kifaa kinaweza kusoma, na kwa vijiti vingi kiwango hicho ni nyuzi 32. Kiko tayari, kinakusubiri. Na sisi wa nchi za joto tuna kioja chetu: mchana wa Februari chumba kikifika nyuzi 33, hutaiona hiyo "Lo" kabisa. Utaona 33 na kitu, kwa sababu kinapima hewa ya chumba chako. Hapo pia hakijaharibika.

Sasa mlio. Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa.

Ndani ya ile ncha ya chuma kuna kipande kidogo kinachoitwa themista. Kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kirahisi, na kadiri kinavyopata joto ndivyo kinavyolegeza. Saketi iliyo nyuma yake inapima umeme umezuiwa kiasi gani, inageuza kuwa nyuzi, inaandika kwenye kioo. Basi. Hakuna kingine kinachojua. Kijiti hakijui kama kiko kwapani au juu ya meza, wala hakijui kwamba kuna mtoto. Kinajua joto la ncha yake.

Kwa hiyo kinapolia hakikuambii kwamba "hili ndilo joto la mwili". Kinakuambia kwamba ncha imeacha kupanda, au inapanda polepole mno kiasi kwamba kimeona inatosha. Kwapa lililokuwa wazi limepoa, ngozi yake haina joto la ndani bado. Ukilifunga na kuchomeka kijiti hapohapo, kitapanda haraka mpaka joto la ngozi hiyo iliyopoa, kitatulia kidogo, kitalia. Kumbe ngozi yenyewe ndiyo kwanza inaanza kupata joto. Vile vinavyojisifu kwa sekunde 10 mara nyingi hukisia: vinaangalia kasi ya kupanda, vinakokotoa litakapoishia, vinaandika jibu la hesabu. Hesabu ni nzuri ikiwa mwanzo wake ulikuwa mzuri. Ncha ikigusa nguo, au mtoto akijigeuza, hesabu nayo inapotoka.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake wa kiume, wa miaka minne hivi, amelala begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kipimo mlichoniuzia kinasema mtoto mzima. Na mtoto mzima haniunguzi bega hivi."

Nikamwomba anionyeshe anavyopima. Akakiwasha, akakipitisha kwapani kwa mtoto, juu ya mkono wa fulana. Kikalia. Nyuzi 36.1. Nikamfungua mtoto vifungo, nikalikausha kwapa kwa kitambaa maana lilikuwa na jasho, nikaushusha mkono wake na kuubana ubavuni kwa dakika chache bila kuweka kitu. Kisha nikakiingiza kijiti kutokea mbele, ncha ikafika kwenye shimo lenyewe la kwapa, ikaguswa na ngozi pande zote, nikaurudisha mkono na kuushikilia pale kwenye kiwiko. Kilipolia sikukitoa. Nilikiacha kikae tena kidogo, namba ikaongezeka mara mbili tatu. Nyuzi 38.3.

Bibi akatazama kioo, akaitazama fulana. "Kumbe kilikuwa kinapima shati."

Jasho nalo linaleta hitilafu, kwa sababu linapokauka linaipoza ngozi. Na kwa wale wanaopima mdomoni: ncha inakaa chini ya ulimi, huko nyuma pembeni, wala si mbele kwenye meno, na mdomo unafungwa. Ukishakunywa chai ya moto au maji ya barafu, subiri nusu saa kwanza. Watoto wadogo usiwapime mdomoni, wanatafuna.

Jambo jingine lisiloandikwa juu ya boksi ni kwamba kijiti hiki hushika namba ya juu kabisa iliyofikiwa na kubaki nayo. Hicho ni kipaji kilichorithiwa kutoka kwa kile cha zebaki. Walioiona zahanati ya zamani wanamkumbuka muuguzi akikikung'uta kipimajoto cha kioo kwa nguvu kabla ya kukuwekea. Kile kilikuwa na shingo nyembamba karibu na tangi la zebaki: zebaki ikishapanda haishuki yenyewe, hivyo muuguzi anaweza kukitoa, kukipeleka dirishani kwenye mwanga na kusoma taratibu. Ili kishuke lazima ukikung'ute. Cha kielektroniki kinafanya vivyo hivyo bila zebaki, na kukikung'uta kwake ni kukizima na kukiwasha tena.

Usipolijua hilo unapotea. Kuna akina mama wanaompa mtoto parasetamo, wanakiacha kijiti kwapani bila kukizima, wanangoja waone namba ikishuka. Haitashuka. Kitabaki na 39 yake mpaka kijizime chenyewe, ambayo kwa vingi ni baada ya dakika kumi hivi. Kizime, mpe mtoto muda dawa ifanye kazi, kisha upime upya.

Kwa sababu hiyohiyo nimewakatalia vijana wafugaji wanaotaka kijiti hiki kwa ajili ya mashine ya kutotoleshea vifaranga. Wana hoja: mayai yanataka nyuzi 37.5 kwenye mashine yenye feni, na kijiti hiki kinasoma vizuri kabisa eneo hilo. Lakini mashine inatakiwa ikuonyeshe joto likipanda na likishuka usiku kucha, na hiki kitakuonyesha kilele tu kisha kilale. Hao nawaelekeza kwa maduka ya vifaa vya umeme, wakanunue kile chenye waya mrefu na kitambuzi mwishoni, kinachowaka muda wote. Nunua chenye kuandika kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa tangu ulipokifuta mara ya mwisho. Hicho kitakufaa hata kwenye jokofu la nyumbani kama una mgonjwa wa kisukari: insulini isiyofunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi igande. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, asubuhi jokofu litakuwa baridi kama kawaida na hutajua kilichopita. Ile namba ya juu kabisa itakuambia.

Turudi kwenye homa. Vipimajoto vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani hufika vikiwa kwenye Farenhaiti. Mtu anampima mtoto anaona 99, anakimbia dukani saa tatu usiku. Nyuzi 99 za Farenhaiti ni 37.2 za Selsiasi. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9, lakini nani ana hesabu hizo mtoto akilia? Karibu vyote vina njia ya kubadili: kwa vingi unakibonyeza kitufe na kukishikilia mpaka herufi igeuke kutoka °F kuwa °C. Vingine vinabadilika pale tu vinapokuwa vimezimwa, na vingine vina kitufe kidogo karibu na betri. Hapo ndipo karatasi inapolipa gharama ya kutunzwa. Kama kimekataa kabisa, andika ukutani: 98.6 ni 37, 99.5 ni 37.5, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40.

Na hiyo 37 yenyewe tusiichukulie kama mstari uliochorwa na Mungu. Aliyeisambaza duniani ni daktari Mjerumani wa Leipzig, Carl Wunderlich, aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, vilivyopimwa kwapani. Vipimajoto vya enzi yake vilikuwa virefu sana na vilitaka robo saa au zaidi kutulia. Mwingereza Clifford Allbutt ndiye aliyetengeneza, miaka hiyohiyo ya 1860, kile kifupi cha sentimita 15 hivi kilichopima kwa dakika tano, na daktari akaweza kutembea nacho mfukoni. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walipima watu wazima 148 wenye afya, wakapata wastani wa 36.8. Muhimu zaidi, waliona joto la mtu huyohuyo likiwa chini kabisa karibu na saa kumi na mbili asubuhi na juu kabisa saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Tofauti ya nusu nyuzi kati ya alfajiri na jioni ni jambo la kawaida kwa mtu asiyeumwa chochote.

Ndiyo maana naipenda ile kumbukumbu. Namba moja haina habari nyingi. 37.6 ya saa kumi jioni kwa mtoto aliyekuwa anakimbia nje ni kitu kimoja, na 37.6 ya alfajiri kwa mtoto huyohuyo ni kitu kingine. Vijiti vya bei nafuu vinahifadhi kipimo kimoja tu, vingine kumi, vingine thelathini, lakini karibu vyote havihifadhi saa. Kwa hiyo hata chenye kumbukumbu ya thelathini, bado unahitaji daftari: saa, mahali ulipopima, namba, na dawa aliyopewa. Mama akiingia zahanati na ukurasa kama huo anamrahisishia kazi tabibu kuliko mwenye kifaa cha laki moja anayesema "jana kilipanda panda". Na usiongeze nusu nyuzi "kwa sababu ni kwapani". Kwapa husoma chini kuliko njia ya haja kubwa, ni kweli, lakini tofauti haiko sawa kwa kila mtu. Andika ulichokiona na uandike "kwapani". Tabibu atajua la kufanya.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kwa watoto chini ya miaka mitano unahesabu homa kuanzia 37.5 kwapani. Lakini huo huo unakubali maelezo ya mama kwamba mtoto alikuwa na homa, na unakubali mtoto kuwa wa moto kwa kuguswa. Nawaambia hivyo wanaodhani bila kifaa hawawezi kwenda kuonwa. Na kuna dalili zinazoifuta namba kabisa: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na hashtuki. Huyo hata kijiti kikisoma 36.8, ondoka nyumbani sasa hivi. Kijiti pia hakiwezi kukuambia kama ni malaria. Hapa kwetu kila homa inaitwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, mteja anataka dawa mseto kwa sababu ya 38.5. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo hicho ni tone la damu. Joto halimo.

Upande wa chini wa kipimo husahaulika zaidi. Tukisema kipimajoto tunafikiria homa tu. Kwa mtoto mchanga, kushuka ni hatari vilevile. Joto lake la kawaida ni 36.5 hadi 37.5, na akiwa chini ya 35.5 ni dalili ya hatari sawa na homa. Anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili wake haujapandisha joto hata kidogo. Mvishe kofia, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja na wewe, na mwende hospitali mkiwa hivyohivyo. Njia hiyo ya ngozi kwa ngozi ilianza kutumika kwa njiti katika hospitali ya Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na wodi nyingi za wazazi nchini zinaijua kwa jina la kangaruu. Kijiti kikiandika "Lo" na kikaendelea kuandika "Lo" kwapani mwa mtoto mchanga, kwanza hakikisha ncha imekaa sawa. Kama imekaa sawa, hiyo "Lo" ni jibu, na ni jibu baya.

Sasa ile bunduki. Sote tunaikumbuka 2020, wakati wa korona, mlinzi wa mlangoni benki akikuelekezea kitu kama bastola kwenye paji la uso. Kisha ukaja uvumi kwamba inaharibu ubongo, wakahamia kiganjani. "Thelathini na nne nukta mbili, pita." Mtu aliye na nyuzi 34 ndani ya mwili wake ni mgonjwa wa kubebwa, si wa kuambiwa pita. Foleni nzima tulikuwa wazima kabisa, wenye viganja vilivyopoa.

Bunduki hiyo haitoi kitu. Inapokea. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho: ukuta, sufuria, wewe. Lenzi iliyo mbele inaikusanya na kitambuzi kinaipima. Kile kidoa chekundu cha leza kipo kwenye zile za viwandani, za kupimia injini na tanuri, na kazi yake ni kukuonyesha unakoelekeza. Hizo za viwandani zisitumike kwa watu.

Kifaa cha hospitali na nyumbani kina hali mbili, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kuna "Body" na kuna "Surface", au kichoro cha mtu na kichoro cha chupa. Ukiwa kwenye chupa, kinakupa joto halisi la ngozi ya paji la uso, ambalo kwa kawaida ni chini ya joto la ndani kwa nyuzi kadhaa. Ukiwa kwenye mtu, kinachukua joto hilo la ngozi na kulifanyia hesabu ili kikadirie la ndani. Hesabu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya paji la uso. Ukikielekeza kiganjani inakadiria kitu ambacho haikufundishwa. Mteja anayeniambia "chetu kinatoa thelathini na tatu kila siku", jambo la kwanza naangalia hicho kichoro, na mara nyingi ndipo tatizo lilipo. Ile hali ya chupa nayo ina kazi yake: maji ya kumwogeshea mtoto, uji kwenye kikombe.

Paji liwe kavu, bila jasho wala mafuta, nywele na kingo za mtandio zirudishwe nyuma, na mtu awe ametoka juani kwa muda. Umbali ni ule wa kwenye karatasi, kwa nyingi ni sentimita 1 hadi 5. Ukisogea mbali, inaanza kupima na vilivyo pembeni. Kifaa kilichokaa kwenye gari lililofungwa juani, kiache chumbani nusu saa kabla ya kukitumia. Mimi kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja siitumii kabisa, nikiwa upande wa mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaosema watoto hao wapimwe kwapani kwa kipimajoto cha kielektroniki. Bunduki ni nzuri kwa mtoto aliyelala ambaye hutaki kumwamsha, na kwa foleni ya shule. Ikikuonyesha homa, thibitisha kwa kijiti.

Katika mapambo mengine, ncha laini inayopinda ninaiunga mkono kwa nyumba yenye mtoto mtukutu. Haiongezi usahihi, inapunguza vita. Taa ya kioo ni jambo la maana kuliko linavyosikika, maana homa hupenda usiku na usiku wetu haukosi giza la Tanesco. Kengele ya homa, ile milio ya harakaharaka namba ikipita kiwango fulani, inafaa kwa asiyeona vizuri, lakini soma kiwango chenyewe: kingine ni 37.5, kingine 37.8. Vya kuunganishwa na simu sivioni vina kazi gani. Na vile vyenye tarakimu mbili baada ya nukta, kama 36.55, ni vya wanawake wanaofuatilia siku za yai kupevuka, ambapo joto la asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani hupanda kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi. Kwa homa ni tarakimu ya kukuhangaisha bure.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IPX7. Saba hiyo inamaanisha kifaa kilijaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kisicho na alama, osha ncha tu. Futa kwa spiriti ya asilimia 70, usichemshe, na kilichopimia njia ya haja kubwa kiwekee alama ya wino kisije kikaingia mdomoni mwa mtu.

Ukiwa na wasiwasi na kijiti chako, azima kingine kwa jirani. Chukua bakuli la maji ya vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto, yawe karibu nyuzi 38. Vifunge vijiti viwili pamoja kwa mpira wa pesa ili ncha zigusane, viwashe, uzamishe ncha peke yake, ukoroge maji taratibu muda wote. Vikilia vyote, soma. Usahihi unaoandikwa kwenye karatasi za vijiti hivi ni kujumlisha au kutoa 0.1, kwa hiyo tofauti ya 0.2 kati ya viwili inavumilika. Vikipishana nyuzi nzima, kimoja hakifai, na utahitaji cha tatu kujua ni kipi. Usijaribu maji ya barafu wala ya kuchemka kama wapishi wanavyofanya kwa vipimajoto vya jikoni: cha homa kitakujibu "Lo" na "Hi" tu, na hayo ya kuchemka yanaweza kukiua.

Betri ya vingi ni LR41, ile ndogo ya duara ya volti 1.5, na fundi saa yeyote anayo. Ukishabadili, washa na uhesabu zile nane upya. Ile ya zamani usiiache mezani. Ukubwa wake ni sawasawa na tundu la pua la mtoto, na ikiingia puani, sikioni au ikimezwa, inaunguza nyama laini ndani ya saa chache. Mtoto akifanya hivyo usingoje atokwe na damu, wala usimpe chochote cha kumtapisha. Nenda naye hospitali, na ubebe kile kifurushi cha betri mpya ili daktari aone namba yake.